Ami, hizi mboga za kwenye paipu ni kweli au tunaibiwa?

Assalaam aleikum Ami,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Lamu, Langoni, nafundisha chekechea. Safu yako huwa naisoma tu nacheka na shida za watu, leo zamu yangu.

Nyumba tunayokaa ni ya marehemu baba, nyumba ya mawe ya zamani, tumeirithi watu watatu, kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ana miaka 25. Huyu mdogo alimaliza diploma Mombasa mwaka juzi, kazi hakuna, akawa ni mtu wa kulala mchana na kushinda na simu usiku. Sasa mwaka jana akaingiwa na hii habari ya haidroponiki, kupanda mboga bila udongo, mizizi inaning'inia ndani ya maji kwenye paipu. Wallahi nilifurahi, manake kwa mara ya kwanza nilimuona anaamka kabla ya jua. Akanunua paipu za PVC akazitoboa matundu 48, akafunga pampu ndogo, vitu vyote akavipandisha juu darini. Hela nilimpa mimi, elfu 18.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa kama tuna harusi. Letasi zimechipua kijani, majirani wanapanda ngazi kuja kutazama, yeye anawaeleza kama profesa. Wiki ya tatu majani machanga yakaanza kugeuka manjano lakini mishipa imebaki kijani, jani limekuwa kama ramani. Halafu ncha za majani ya chini zikaungua. Jua likipanda zote zinalala, jioni zinanyanyuka kidogo. Na pembeni ya matundu kukaota kitu cheupe, mimi nikadhani ni mbolea, nikakigusa na ulimi (nisamehe Ami) kumbe chumvi! Mwisho siku moja nikavuta mche mmoja, mizizi imekuwa kahawia, inateleza kama kamasi, harufu yake ni ile ya tope la mikokoni maji yakikupwa. Zikafa zote, imebaki mirehani miwili tu ambayo niliichomeka mimi kwa kucheza.

Maji anayotumia ni ya kisima chetu cha nyumbani. Mbolea ilikuja pakiti mbili, A na B, yeye akazikorogea zote kwenye chupa moja eti kurahisisha kazi, chini ya chupa kukalala unga mweupe kama chokaa.

Sasa penyewe ni hapa. Kuna watu walikuja wakafanya semina, wanauza seti kubwa, matundu 500 na tanki la lita 1,000, shilingi 160,000. Wanasema maji kidogo, hakuna magugu, hakuna wadudu, mavuno mara 11 ya shambani, na hoteli za Shela zitanunua zote. Mdogo wangu amekata shauri kwamba ile ya kwanza ilishindwa kwa sababu vifaa vilikuwa vya kubahatisha. Na hela anazozitaka ni zile za kodi ya duka la chini, ambazo tumeziweka miaka miwili ili tubadilishe boriti za juu maana zimeliwa. Kaka mkubwa aliposikia akaruka, akasema mbele ya wageni, mboga isiyo na udongo haina ladha wala baraka, ni dawa tupu, nyumba hii hazitaliwa. Mdogo akainuka kwenye chakula akaenda zake. Leo siku ya tisa hawasalimiani, mimi ndio nabeba sahani, moja chumba hiki, moja chumba kile, kama mtumishi wa hoteli.

Ami niambie ukweli. Hii kitu ni uongo au ni kweli? Zile zilikufa kwa nini? Na hizo hela nitie sahihi au nisitie? Kaka amekataa, mdogo ameshatia, imebaki yangu.

Mama wa Langoni

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu,

Pole kwa kubeba sahani. Hapo pa ulimi nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini, lakini ujue huo ulimi wako umefanya kazi ya mita ya maelfu. Basi tuanzie hapo.

Hizo letasi zimeuliwa na kisima. Mmea unakunywa maji, lakini chumvi ya mezani hauna haja nayo, inabaki nyuma. Udongo ukiwa na chumvi, mvua ikija inaisukuma chini inapotea, lakini kwenye paipu maji ni yaleyale yanazunguka, jua la darini linayapunguza, mdogo wako anaongeza mengine ya kisima, yanapungua tena, anaongeza tena, kwa hiyo kila ndoo aliyopandisha ilikuwa ni kijiko kingine cha chumvi juu ya ile ya jana. Kuna kimita kidogo kama kalamu kinapima EC, yani wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Letasi inapenda isome kati ya 0.8 na 1.5 hivi, na hapo ni pamoja na mbolea yenyewe. Kisima cha mji wa kisiwani kinaweza kusoma 2 au 3 kabla hujatia hata chembe. Sasa hapo mbolea unaitia wapi?

Yale majani ya ramani ni shida nyingine, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Kisima chenu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji ya mawe hayo yana chokaa, pH, yani kipimo cha uchachu wa maji, inapanda juu ya 7. Letasi inataka pH 5.5 mpaka 6.5. Ikizidi hapo chuma kinakuwepo ndani ya maji lakini mizizi haiwezi kukichukua, ni kama mtu umemuwekea pilau kwenye sefu. Watu hutia siki kuishusha, inashuka, baada ya siku mbili imerudi. Asidi ya fosforasi ndio inakaa, na hiyo ushikwe kwa glavu, si mchezo wa watoto.

Na ile chokaa ya kwenye chupa? Kule A na B zimetengwa kwa sababu. Moja ina kalsiamu, nyingine ina salfeti na fosfeti, zikikutana zikiwa kali zinashikana zinakuwa jasi, zinazama chini, mmea haupati kitu. Unatia A kwenye tanki lililojaa maji, unakoroga, ndio unatia B. Mwambie asione haya, hata mimi nilifanya hivo mara ya kwanza nikadhani nimeuziwa unga wa ngano.

Mizizi ya kahawia ndio ilizika. Paipu juu ya dari ya Lamu, msimu wa joto la kaskazi, saa saba mchana, hayo maji unaweza kuogea. Maji yakipata joto hewa inatoka, kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba oksijeni kama miligramu 9, kwenye 30 inabaki kama 7 na nusu, na wakati huohuo mizizi kwa joto hilo inahitaji zaidi. Mizizi ikikosa pumzi kuna maradhi yanaitwa pithiamu yanaingia, ndio hiyo kamasi na harufu ya mikokoni. Mizizi mizima ni myeupe na hainuki.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye hela nataka kaka yako mkubwa alijue hili: kijana hakushindwa kwa uvivu. Alipewa vitu vinne vibaya kwa pamoja, chumvi, chokaa, joto, na maelezo nusu, na bado alivuka wiki mbili.

Sasa ulizo lako, ni kweli au uongo. Ni kweli. Mimi mwenyewe hapa Malindi, Barani, nilikuwa na paipu sita, na nilikula letasi nzuri na nikauza. Maji yanaokolewa kweli, kwa sababu yale ambayo shambani yanazama ardhini huku yanarudi tankini. Hakuna kupalilia. Unavuna ukiwa umesimama, mgongo wangu ulishukuru. Na mahali kama Lamu ambapo ardhi ni mchanga, letasi inatoka bara kwa gari mpaka Mokowe halafu ipande boti, inafika imenyauka kama imefiwa, mtu akiwa nayo mbichi ya asubuhi ana neno la kumwambia mpishi wa hoteli. Hata wanajeshi wa Marekani mwaka 1945 walipanda hivi kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, mawe matupu ya volkano. Lakini walitonesha maji ya bahari kuondoa chumvi kwanza! Hicho ndicho kipande kinachorukwa kwenye semina.

Na hiyo "mara 11" naijua ilikotoka. Kuna utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Arizona State, 2015, walikadiria letasi ya haidroponiki na ya shambani pale Arizona. Mavuno kwa mita moja ya mraba yalitoka mara 11, ni kweli. Maji, lita 20 kwa kilo badala ya 250, ni kweli pia, na hiyo si kidogo. Lakini ukurasa uleule unasema umeme na nishati ni mara 82. Themanini na mbili mwanangu. Wao kule sehemu kubwa ilikwenda kwenye kupasha na kupoza nyumba ya mimea, nyinyi hamtapoza kitu kwa hiyo hamtafika 82, lakini bila kupoza pia hamtafika 11. Muuzaji amechukua mguu mmoja wa suruali.

Hii tabia si ya leo wala si ya kwetu. Mtu aliyeitangaza hii kazi ni profesa wa Chuo Kikuu cha California, Gericke, na ndiye aliyeleta hili jina la haidroponiki 1937, alikuza nyanya ndefu mpaka anapanda ngazi kuzichuma. Watu wakapagawa, wauzaji wa vifaa wakatokea kila kona na ahadi zao. Chuo kikawaambia wataalamu wengine wawili, Hoagland na Arnon, wachunguze, na 1938 wakaandika kwamba njia inafanya kazi lakini mavuno hayashindi ya udongo mzuri uliotunzwa. Karibu miaka 90 iliyopita. Semina ni ileile, imebadilika fulana tu.

Shida yangu mimi ilikuwa umeme. Kwenye paipu maji ni utando mwembamba tu unapita, pampu ikisimama mizizi haina akiba. Siku moja nilikwenda maziko Mambrui, umeme ukakatika kama saa tano, nimerudi baada ya alasiri nimekuta letasi zote zimelala kama zimechemshwa. Hata moja sikuiokoa. Udongo ungenisubiri hata siku mbili. Na kumbuka sisi Malindi maji ya mfereji yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, hayana chumvi ya kutisha, kwa hiyo mimi nilianza na maji mazuri na bado nililia. Wadudu nao, nani alisema hakuna? Vidukari na inzi weupe wanakuja na upepo, wao hawaulizi kama kuna udongo.

Kuhusu kaka na baraka zake, kwa heshima zote, mwambie hivi. Mmea hauli udongo. Unachukua naitrojeni, potasiamu, kalsiamu na wenzake yakiwa yameyeyuka kwenye maji, yawe yametoka kwenye mavi ya punda au kwenye pakiti ni yaleyale. Ladha ana nusu ya haki, letasi ikipigwa na joto inakimbilia kutoa maua na inakuwa chungu, lakini hiyo hata ya kwenye udongo inafanya.

Hela sasa. Usitie sahihi.

Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, bado paipu, bado fremu, bado watu wanaokwenda na kurudi. Unataka kuliweka juu ya boriti ambazo umeniandikia mwenyewe zimeliwa, na hela za kulinunulia ndizo za kubadilishia hizohizo boriti. Mwanangu hapo hata mimi nilisoma mara mbili. Nani analala chumba cha chini yake? Na maji yakivuja polepole kwenye chokaa ya dari boriti inaoza bila kusema. Halafu huo mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, mtu hainuki tu akajenga fremu juu ya nyumba, mtaulizwa, bora muulize nyinyi kwanza kwa watu wa Makumbusho.

Na hizo hoteli za Shela, mdogo wako amezungumza na mpishi hata mmoja? Si meneja, mpishi. Mei na Juni nyingi zinafunga au zinabaki na wageni wa kuhesabika, na matundu 500 hayajui kama wageni wameondoka, yanaendelea kukuletea letasi. Desemba mpaka Machi wageni wapo lakini ndio kaskazi lenyewe, letasi haitaki. Miezi mizuri ya letasi kwetu ni ya kusi, Julai, Agosti, upepo wa baridi. Hilo ndilo lingekuwa swali langu la kwanza pale semina.

Lakini sitaki umrudishe kijana kwenye simu ya usiku, kwa hiyo nakupa ya kufanya.

Kuna mzee wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Bernard Kratky, naye mtu wa visiwani, ana njia haina pampu wala umeme. Unachukua ndoo yenye kifuniko, unatoboa kifuniko, mche unakaa kwenye kikombe kilichotobolewa, maji ya mbolea yanagusa chini ya kikombe tu. Mmea unavyokunywa maji yanashuka, na ile mizizi ya juu iliyoachwa wazi inageuka ya kuvuta hewa, ya chini inakunywa. Kosa la watu ni kurudisha maji mpaka juu kwa kuhurumia, hapo unaizamisha ile inayopumua. Letasi moja inatumia kama lita 4 mpaka kuvuna, kwa joto letu weka zaidi. Nyanya asiziguse sasa, mti mmoja mkubwa unaweza kumaliza lita 2 kwa siku. Aanze na ndoo sita tu, ziwe chini kwenye kiwanda, yani ua wa ndani ya nyumba, pale penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, si darini. Apande mchicha, nanaa, mrehani, sukuma wiki, letasi iwe moja ya kujaribu. Ndoo azipake rangi nyeusi kwanza, mwanga usipenye maana ukipenya inaota ukijani, halafu nyeupe juu yake, jua lirudi lilikotoka.

Na zifunikwe kabisa, hata kwenye kikombe azibe na sponji, kwa ajili ya mbu. Nyinyi watu wa Lamu sina haja ya kuwaeleza, 2004 ile homa ya chikungunya iliyowapata karibu robo tatu ya watu wa mji, chanzo kikubwa kilikuwa mbu wa kwenye maji ya kuwekwa majumbani. Zamani wazee waliweka visamaki kwenye birika ili wale viluwiluwi vya mbu, kwenye maji ya mbolea usijaribu, samaki mwenyewe atakufa.

Maji yawe ya mvua. Ndio dawa ya kisima. Mvua haina chumvi ya kutaja, na hesabu yake nyepesi, milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo dari ya mita 60 siku ikinyesha milimita 20 ni lita 1,200 umezipata bure, toa kidogo zinazopotea. Maji ya kwanza yaacheni yapite yaoshe dari. Kama juu mmeezeka makuti maji yatatoka na rangi ya chai, hayo acheni ya kufulia.

Kaka naye apewe kipande chake. Kuna njia ya katikati, ndoo au viroba vya unga wa makumbi ya nazi, unamwagilia maji ya mbolea kidogokidogo, inashika maji, umeme ukikatika haina habari. Ila makumbi yasiwe yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya usumba, yana chumvi, yaloweke na kuyaosha maji mazuri mara tatu, nne. Na yeye kama anaapa kwa udongo basi achukue viroba sita vya mchanga na mavi ya punda yaliyooza vizuri, apange upande wa pili wa kiwanda. Lamu mkikosa mavi ya punda mtakuwa mmeamua tu. Waache washindane kwa mboga, si kwa kununiana.

Hela za kodi zikae pale, boriti kwanza, na fundi akishafungua juu mwambie hapohapo afunge na mfereji wa kuteremshia maji ya mvua mpaka birikani, masika haijaingia. Kwa bustani toa elfu chache yako kama ile ya mwanzo, kimita cha EC na cha pH kiwe cha kwanza kununuliwa, ndoo za mafuta omba dukani.

Sahani usibebe tena. Weka sinia moja, atakayetaka kula atakaa.

Na hiyo mirehani miwili iliyobaki usiing'oe. Imekunywa maji yaleyale na haikufa, mbegu hiyo ndiyo ya nyumba yenu. Kata vitawi vya urefu wa kidole, toa majani ya chini, tia kwenye gilasi ya maji mazuri dirishani pasipo jua kali, wiki moja mpaka mbili utaona mizizi. Angalia rangi yake, halafu niandikie.

Ami wako, Malindi